Shule yetu ya kutwa Kisauni inajitahidi, lakini wastani wa KCSE hauzioni jitihada hizo

Mzazi wa Kisauni

Wanabaraza, nawasalimu nyote. Nimeufungua uzi huu kwa sababu kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, shule za sekondari za kutwa za hapa Mombasa hupimwa kwa nambari moja tu, yaani alama ya wastani, na kwa nambari hiyo mzazi huamua kumhamisha mtoto, mfadhili huamua kujitoa, na mkuu wa shule huhukumiwa kuwa anafaa au hafai. Nina mtoto wa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa upande wa Kisauni. Sitaitaja jina kwa sababu nitayasema mazuri yake na mabaya yake pia. Dai langu ni kwamba shule hiyo imebadilika sana tangu alipokuja mkuu wa shule wa sasa, na kwamba mabadiliko hayo hayaonekani kwenye wastani kwa sababu wastani ni kipimo ambacho ni rahisi sana kukipandisha bila kumfundisha mtoto yeyote.

Nitaeleza kwa hesabu. KCSE ina gredi 12, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Tuseme shule ina watahiniwa 100, na pointi zao zikijumlishwa ni 350. Wastani wake ni 3.5, yaani kati ya D na D+. Kisha tuseme kwamba kabla ya usajili wa mtihani, wazazi wa watoto 20 ambao wangepata D- kila mmoja wanaitwa ofisini na "kushauriwa" wawahamishe watoto wao. Watoto hao wangechangia pointi 40. Wanabaki watahiniwa 80 wenye pointi 310, na wastani unapanda hadi karibu 3.9. Shule itapongezwa kwa kuimarika, mkuu atashangiliwa, na wale 20 hatutawasikia tena. Hakuna aliyejifunza hata fomula moja zaidi.

Mkuu wetu wa shule alipendekezewa njia hiyo waziwazi katika mkutano wa wazazi, na aliyeipendekeza alikuwa mzazi mwenzetu, wala si mwalimu. Alijibu kwamba mtoto aliyeandikishwa katika shule yake ataufanyia mtihani katika shule yake. Baadhi ya wazazi walinung'unika. Mimi nilianza kumheshimu siku hiyo, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumrudisha mtoto darasa au kumfukuza nje ya utaratibu uliowekwa, na wapo wanaolikwepa katazo hilo kwa kuliita kufukuza huko ushauri.

Jambo la kwanza alilolishika ni mahudhurio. Orodha ya majina huitwa asubuhi na huitwa tena baada ya chakula cha mchana, na mzazi wa mtoto asiyeonekana hupigiwa simu na mwalimu wa darasa kabla ya mapumziko ya saa nne. Kwa upande wa walimu, kiranja wa kila darasa ana fomu ambayo mwalimu huitia sahihi kila kipindi. Fomu hiyo si uvumbuzi wa shule yetu; ilikuja pamoja na mfumo wa Tume ya Huduma za Walimu wa kutathmini utendakazi. Kilichokuwa kikifanyika zamani ni kwamba ilijazwa Ijumaa jioni kwa wiki nzima, sahihi zote kwa wino mmoja. Sasa naibu wa mkuu huikusanya kila siku, na kipindi kilichokosa mwalimu huwekewa siku ya kufidiwa.

Lakini kilichofanya kazi kubwa kuliko simu na fomu ni chakula, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Shule ya kutwa ya mjini humpoteza mwanafunzi saa saba mchana. Walikuwa wakiruhusiwa kutoka kwenda kula nyumbani au kununua viazi karai na mihogo barabarani, na wengi hawakurudi. Mvulana alipita kwenye stegi ya bodaboda "kumsaidia" kaka yake, msichana alifika nyumbani akaachiwa mdogo wake amlee, na aliyerudi alikuta darasa la mabati likiwa limepata joto la kaskazi kiasi kwamba hata mwalimu alitamani kengele ilie. Masomo ya alasiri yalikuwa yamekufa kimyakimya kwa miaka mingi, na kwa kuwa ratiba ya darasani ilikuwa na vipindi hivyo, kwenye karatasi shule ilionekana inafundisha siku nzima.

Bodi na wazazi walikubaliana kwamba chakula kipikwe shuleni na lango lifungwe. Wengi walidhani tatizo litakuwa maharagwe. Tatizo lilikuwa maji. Kisima cha shule kina maji ya chumvi yasiyofaa kupikia, na maji matamu ya mfereji hapa mjini mnayajua nyote: yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hufika anapotaka Mungu. Kununua maji ya boza kila wiki kulikaribia kuuvunja mpango mzima. Hatimaye yalinunuliwa matangi ya kuvuna maji ya masika kutoka kwenye mapaa, maji ya boza yakabaki kwa miezi ya ukavu, na wazazi wenye vibanda katika soko la Kongowea wakaruhusiwa kulipa sehemu ya mchango wao kwa mboga, nyanya na vitunguu. Watoto ambao wazazi wao hawana kitu wanakula pamoja na wenzao. Orodha yao inashikwa na mtu mmoja tu, na haibandikwi popote. Katika mwezi wa Ramadhani jiko liliendelea kwa wasiofunga, huku Hisabati na sayansi zikihamishiwa vipindi vya mapema kabla njaa na kiu havijamchosha mtoto.

Fedha nitazitaja kwa ufupi, ingawa ndizo zinazoleta kelele. Serikali iliweka mgao wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka kuanzia 2018, unaopaswa kutolewa kwa asilimia 50, 30 na 20 katika mihula mitatu. Pesa hizo huchelewa na hukatwa. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba bajeti haitoshi kulipa kiasi hicho chote. Mkuu wetu sasa hubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi kilichoingia, tarehe kilipoingia, na kazi kiliyofanya. Tangu aanze kubandika, maneno ya "pesa zinaliwa" yamepungua, na michango imekuwa rahisi kuombwa. Sioni kwa nini bodi nyingine zinaogopa karatasi hiyo moja.

Sasa mabaya. Hisabati bado ni janga. Baadhi ya walimu wanalipwa na bodi kutokana na michango yetu, hawana uhakika wa mshahara wa mwezi ujao, na mzuri kati yao huondoka punde apatapo kazi ya kudumu. Vyoo vya wasichana havitoshi. Maktaba ni chumba chenye kufuli. Maabara ni moja, ingawa sasa wanafunzi wanaanza kushika bureti na pipeti mapema, badala ya kuviona kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo wa Kemia.

Ningependa kusikia kutoka kwa wazazi wengine, hasa wale ambao shule zao zinafanya kazi kama hii: mnaipima vipi?

Mama wa Likoni

Mzazi mwenzangu wa Kisauni, nimekusoma hadi mwisho, na nakubali kwamba unayoyaeleza ni kazi kweli. Hata hivyo, unaandika kama mtu ambaye muda uko upande wake. Mtoto hupita kidato cha tatu mara moja. Shule inayohitaji miaka mitano ili isimame inaichukua miaka hiyo kutoka kwa watoto wetu, na hakuna atakayewarudishia.

Mimi nilimhamisha binti yangu kutoka shule ya kutwa nikampeleka bweni nje ya kaunti. Shule ya kitaifa ya bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla hujanunua sare, godoro, sanduku na nauli, na mimi si mtu wa mshahara. Nimekopa katika chama na bado nalipa. Sikufanya hivyo kwa sababu ya wastani. Nilifanya kwa sababu nilipouliza ofisini ni watoto wangapi waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kuingilia chuo kikuu, nilijibiwa kwamba shule inaimarika. Niliuliza kuhusu watu, nikajibiwa kwa sifa. Nikauliza tena mwaka uliofuata, jibu likawa lilelile.

Kwa hiyo sikatai hoja yako ya hesabu, ila isije ikawa kinga. Wastani ukikataliwa, ni lazima kiwekwe kipimo kingine ambacho mzazi anaweza kukikagua mwenyewe, vinginevyo kila shule mbovu itasema inajitahidi, na sisi tutakuwa tumewapa maneno ya kujifichia.

Mwalimu Mstaafu, Changamwe

Nimefundisha sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami nadhani Mama wa Likoni ameuliza swali ambalo kila mkuu wa shule anapaswa kulijibu bila kuombwa. Kipimo kipo, na ni cha zamani: linganisha alivyoingia mtoto na alivyotoka. Wanafunzi walio kidato cha tatu na cha nne sasa ndio wa mwisho walioingia kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023, na kila mmoja ana alama zake kati ya 500. Shule za kitaifa zilichukua wa juu, za kiwango kinachofuata zilichukua waliobaki, na shule ya kutwa ya mtaani ilipokea walio chini, pamoja na wachache werevu ambao wazazi wao hawakuweza kulipa bweni. Mtoto aliyeingia na alama 200 akatoka na C- amefundishwa. Mtoto aliyeingia na 400 akatoka na C+ amepotezwa, hata kama shule yake inatajwa gazetini. Katibu wa shule anaweza kuandaa jedwali hilo kwa alasiri moja.

Kosa jingine ni kulinganisha wastani wa mwaka mmoja na wa mwaka mwingine kana kwamba mtihani ni uleule. Mwaka 2016, udhibiti wa wizi wa mitihani ulipokazwa, watahiniwa 141 pekee nchini walipata A, na shule nyingi zilizokuwa zikijivunia wastani mkubwa zilianguka kwa kishindo. Je, walimu wao walisahau kufundisha katika mwaka mmoja? Kisha kuanzia 2023 namna ya kukokotoa gredi ya jumla ilibadilishwa: Hisabati na lugha moja ni za lazima, halafu yanahesabiwa masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Mtu anayechora mstari kutoka 2015 hadi leo na kusema shule imepanda au imeshuka anapima nguo kwa futi tofauti kila mwaka.

Hata hivyo, ndugu yangu wa Kisauni, nakuonya kuhusu mahudhurio. Mwalimu kuwa darasani si sawa na mwalimu kufundisha. Nimewaona walimu wenye sahihi katika kila kisanduku ambao walikuwa wakimpa kiranja daftari awasomee wenzake maelezo au ayaandike ubaoni, huku wao wakisahihisha kazi ya darasa jingine. Ukitaka kujua kinachoendelea, lichukue daftari la mwanao la Hisabati au la Kemia. Tazama tarehe za mazoezi zimeachana kwa siku ngapi. Tazama kama mwalimu amesahihisha swali hadi mwisho au amepiga alama moja ya vema chini ya ukurasa. Muhimu kuliko yote, tazama kama mtoto amelirudia lile alilokosa. Daftari lisilo na masahihisho ya mtoto mwenyewe linakueleza zaidi kuliko ripoti ya muhula.

Na kwa kuwa tuko pwani, niseme jambo linalonikera. Watoto wetu wamezaliwa ndani ya Kiswahili, lakini katika shule nyingi wanaupoteza mtihani wa Kiswahili kwa kuudharau. Karatasi ya insha ina alama 40, ya lugha 80 na ya fasihi 80. Mtoto anayezungumza vizuri nyumbani hawezi kujibu swali la sarufi au la ufupisho kwa uzungumzaji, na fasihi haijibiwi bila kuvisoma vitabu vilivyoteuliwa. Lugha moja inahesabiwa kwa lazima katika gredi ya jumla. Shule ya Mombasa inayotaka kupanda kwa haki ingeanza na somo hili, kwa sababu watoto wamelibeba nusu tayari.

Aliyesoma Kutwa

Niliwahi kuwa mwanafunzi wa shule ya aina hiyo, kwa hivyo nitaongeza moja tu. Mnazungumzia lango kufungwa saa saba, nami nawaomba mzungumzie pia kinachouzwa nje ya lango. Muguka, yale majani ya kutafuna yanayosisimua kama miraa, ulikuwa ukiuzwa hatua chache kutoka shuleni kwa bei ambayo mwanafunzi angeweza kuilipa kwa nauli yake. Agizo la Gavana Abdulswamad Nassir la Mei 2024 la kuupiga marufuku katika kaunti liliishia kwenye mabishano ya mahakamani, lakini hakuna mahakama inayomzuia mzazi au mzee wa mtaa kwenda kuzungumza na mwenye kibanda. Darasani kwetu waliopotea hawakuanza kwa kufeli. Walianza kwa kusinzia asubuhi, na waliosinzia walikuwa wakijulikana na kila mtu isipokuwa wazazi wao.

Baba wa Jomvu

Nina maswali mawili. La kwanza, nidhamu. Walimu wa sasa wananiambia wanaogopa kumgusa mtoto, na watoto wanalijua hilo. Shule inayojitahidi inafanyaje bila fimbo? La pili, mwanangu wa kwanza ameingia Gredi ya 10 mwaka huu, na katika shule ileile wamo wa kidato cha tatu na cha nne wanaosoma mtaala wa zamani. Naogopa kwamba nguvu zote zitaelekezwa kwa watahiniwa wa KCSE, na hawa wa mtaala mpya, Mtaala wa Umilisi, wataachwa wajisomee.

Mzazi wa Kisauni

Ahsanteni. Nitawajibu kwa zamu, nikianza na Mama wa Likoni kwa kuwa amenibana zaidi.

Dada yangu, siwezi kukulaumu kwa kumhamisha binti yako, wala sikuandika ili nimlaumu mzazi yeyote. Ofisi iliyokujibu kwa sifa ilistahili kupoteza mwanafunzi. Kipimo ulichokitaka ndicho ninachokitaka mimi pia: idadi kamili ya watahiniwa waliosajiliwa, waliofanya mtihani, na gredi walizopata kuanzia A hadi E, ikiwekwa kando ya idadi ya waliokuwa katika darasa hilohilo lilipokuwa kidato cha pili. Nambari hiyo ya mwisho ndiyo inayofichua waliosukumwa nje. Katika shule yetu jedwali hilo lilisomwa mkutanoni, na si jedwali la kujivunia. Waliopata C+ na zaidi ni wachache, na mkuu aliitaja idadi yao kwa kinywa chake bila kuizungushia maneno. Mzazi aliyesikia hivyo akaamua kumhamisha mtoto ameamua akijua, na aliyebaki pia amebaki akijua.

Pale ninapotofautiana nawe ni hapa. Wanaoweza kukopa wakahama ni wale ambao sauti zao zinasikika katika mikutano. Wakiondoka wote, wanabaki wazazi ambao hawawezi kuuliza swali lako, ama kwa sababu wako kazini, ama kwa sababu wameambiwa tangu zamani kwamba mambo ya shule ni ya waliosoma. Na shule ikipungukiwa na wanafunzi inapungukiwa na mgao wa serikali, kwa kuwa mgao hufuata vichwa. Kuna watoto ambao hata wakiwepo hawahesabiwi. Asiye na cheti cha kuzaliwa hupata shida kuingizwa katika mfumo wa taarifa wa Wizara, na asiyemo katika mfumo haleti senti. Hapa pwani familia zenye tatizo hilo si chache. Kwetu mwalimu mmoja amepewa kazi ya kuwasindikiza wazazi katika ofisi za usajili, na naamini kazi hiyo imeiletea shule pesa nyingi kuliko harambee yoyote tuliyofanya.

Mwalimu, shikamoo. Onyo lako nalipokea, na ushauri wa daftari nimeutumia jana usiku. La Kemia liko vizuri. La Hisabati lina pengo la karibu wiki tatu bila zoezi hata moja, wakati fomu za vipindi za wiki hizo zimetiwa sahihi zote. Nitalipeleka kwa mwalimu wa darasa kwanza, kabla sijafika kwa mkuu, maana huenda kuna maelezo. Kuhusu Kiswahili, shule imeanzisha kipindi cha kusoma riwaya na tamthilia kwa sauti siku za Jumatano. Jumamosi isingefaa, kwa sababu watoto wengi wako madrasa asubuhi na wengine wanafanya kazi sokoni.

Aliyesoma Kutwa, kwa kibanda cha muguka, walimu walishindwa. Waliofanikiwa ni kina mama wa mtaa, waliokwenda pamoja na mzee wa mtaa wakakaa na mwenye kibanda. Amesogea mbali. Hakuacha biashara, na wala sisemi tatizo limekwisha.

Baba wa Jomvu, fimbo imepigwa marufuku kwa sheria, na hilo halina mjadala. Ukitaka maoni yangu, naona utoro na ukorofi wa zamani ulikuwepo wakati fimbo ikitembea kila siku, kwa hiyo sijui tulipoteza dawa gani. Kwetu mtoto mkorofi huitwa pamoja na mzazi wake, huandikiwa makubaliano, na hufuatiliwa na mwalimu wa ushauri nasaha. Njia hiyo ni ya polepole, na inamchosha mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya hamsini. Inafanya kazi pale mzazi anapofika. Asipofika, haifanyi.

Kuhusu Gredi ya 10, hofu yako ni ya haki. Shule imeletewa mtaala wenye mikondo mitatu, wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, na wa sanaa na michezo, huku ikiwa na walimu walewale na maabara ileile moja. Uliza mambo matatu: ni masomo gani ya hiari ambayo shule ina mwalimu wa kuyafundisha leo, si yale yaliyoandikwa katika orodha, mwanao anasoma Hisabati ipi, ya wanaochukua mkondo wa sayansi au ile ya wengine wote, na maabara imegawanywaje kati yao na watahiniwa. Sisi tuliambiwa kwamba Gredi ya 10 hawataingia maabara hadi muhula wa pili. Tulikataa, ratiba ikapangwa upya, na sasa wana alasiri moja kwa wiki. Ni kidogo, lakini ni bora kuliko ahadi.

Mama wa Likoni

Jibu lako kuhusu jedwali limenitosha. Nina mdogo wake anayekaribia kufika sekondari, na sina uwezo wa kukopa mara ya pili. Nieleze basi: mzazi wa kawaida anaingiaje mahali ambapo jedwali hilo linaweza kudaiwa? Nilipokuwa huko Likoni niliambiwa kwamba bodi ni ya walioteuliwa, na kwamba mimi nisubiri mkutano wa mwaka.

Mwalimu Mstaafu, Changamwe

Naomba nilijibu hili, kwa kuwa nimekaa katika bodi kama mwakilishi wa walimu. Sheria ya 2013 inaipa bodi ya usimamizi ya shule ya sekondari ya umma wajumbe sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali hapo. Pamoja nao wamo mmoja anayeteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwakilishi wa walimu, watatu wa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi maalumu na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na baraza la wanafunzi huwa na mwakilishi wake. Kwa hiyo aliyekuambia bodi ni ya walioteuliwa hakukueleza kuhusu viti hivyo sita. Kando ya bodi kuna chama cha wazazi, ambacho kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wake, na kamati yake ina wawakilishi wa wazazi kutoka kila darasa pamoja na walimu wawili. Anza na nafasi ya mwakilishi wa darasa, kwa sababu ina washindani wachache na inakuingiza katika kamati moja kwa moja.

Mkutano ukiitwa, omba nakala ya kumbukumbu za mkutano uliopita siku kadhaa kabla, kisha omba kwa maandishi kwamba jedwali la gredi na hesabu za mgao viwe katika ajenda. Barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa haisahauliki kwa urahisi. Usilisubiri fungu la mengineyo, maana fungu hilo hufikiwa wazazi wakiwa wameanza kuondoka kuwahi feri.

Mzazi wa Kisauni

Naongezea tu kwamba kwetu barua kama hiyo iliandikwa na wazazi wanne wa kidato cha tatu, kwa mkono, ukurasa mmoja. Mama wa Likoni, ukipenda nitakuandikia hapa namna tulivyoipanga, nikiondoa jina la shule, ili mdogo wake atakapoingia uwe nayo tayari.

Mama wa Likoni

Iandike, tafadhali. Na utaje pia mlisubiri muda gani kabla ya kujibiwa.